Mrejesho: ule mshipi wa kuvulia samaki, ule uzi wa kusuka, uliokuwa unateleza kwenye rili

Wakuu, mnakumbuka nililalamika nimekaza breki ya rili (kile kifaa cha kuviringishia mshipi kwenye fimbo) mpaka mwisho na bado samaki akivuta mshipi wa kusuka unazunguka wote kama ulivyo? Breki ilikuwa nzima aisee, shida ni spuli, pale uzi unapoviringishwa, ni laini, uzi ule hauna pa kung'ata. Nimeutoa wote, nikaanza na nailoni ya kawaida mizunguko 15 hivi, nikaunganisha na ule wa kusuka, halafu shemeji akaubana uzi kwa kitambaa kilicholowa mi nazungusha, mpaka vidole vikamuuma akaanza kunidai soda. Nimeacha kama milimita 2 kufika ukingoni mwa spuli. Jumamosi nimetoka Moshi nikashuka bwawa la Nyumba ya Mungu, kambale kavuta kwelikweli, haujateleza hata kidogo. Ila upepo ukiwa mkali nikirusha unajisokota mafundo, hilo bado linanitesa.