Mwanangu yuko darasa la saba, naomba ushauri

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu yuko darasa la saba hapa Wete, Pemba, na mtihani wa mwisho wa mwaka ndio unaochuja wanaokwenda skuli za vipawa na michepuo, yaani sekondari maalumu za waliofaulu vizuri. Anaitamani sana skuli ya Fidel Castro. Hesabu anaziweza: muulize kwa Kiswahili, atakujibu hujamaliza kusema. Lakini tangu darasa la tano hesabu na sayansi wanasomeshwa kwa Kiingereza, na swali likiwa refu la maneno linampotea kabisa. Mwalimu wa tuisheni anamkaririsha tu majibu ya mitihani iliyopita, jambo nisilolipenda. Je, nimtoe tuisheni hiyo nimtafutie mwalimu wa Kiingereza kwanza? Jioni ana chuo (madrasa), sitaki kumchosha. Mliopitisha watoto, mlifanyaje?