Lenzi gani: sokwe wa Gombe mchana, nyota na taa za dagaa usiku?

mwana_kibirizi: Wakuu habari za jioni. Nina Canon ya kropu (sensa ndogo) na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, mwezi wa saba naenda hifadhi ya Gombe huku Kigoma, nikirudi nataka usiku mmoja nikae ufukweni Ziwa Tanganyika nipige nyota na taa za wavuvi wa dagaa. Hela ya lenzi moja tu. Nimebaki na 55-250 f/4-5.6, 70-200 f/2.8 ya mtumba, au 150-600 ambayo kuna jamaa anaiuza. Msiniambie nunua zote.

fundi_picha: 150-600 achana nayo kabisa. Sokwe wa kule wamezoea watu tangu yule mtafiti Jane Goodall alipofika 1960, unaruhusiwa kusogea mpaka kama mita kumi hivi, sasa na 600 utapata pua tu. Halafu mule bondeni msitu umefunga, ni giza hata saa sita mchana. Chukua 70-200 ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, yaani pale wewe unalazimika kupiga shata ya sekunde 1/100 na sokwe anatikisika, mwenzio anapiga 1/400.

binti_ujiji: Tusitishane jamani, mimi nimeenda na 55-250 na picha ninazo. Hiyo 2.8 nzito, panda nayo vile vilima uje utusimulie 😂 Shida yangu haikuwa lenzi, ilikuwa fokasi, niliiacha kamera ichague yenyewe ikawa inashika majani ya mbele, sokwe nyuma ukungu mtupu. Kesho yake nikaweka nukta moja ya fokasi, naipeleka jichoni mwa sokwe, akianza kutembea nipo AI Servo (fokasi inamfuata). Na yale manyoya meusi yanaidanganya kamera, inaangaza kupita kiasi, shusha mwanga kidogo, exposure compensation -2/3. Flashi usiguse, marufuku.

mwana_kibirizi: Asante dada. Na usiku je?

mzee_wa_karabai: Kijana kwa nyota usinunue kitu, hiyo 18-55 inatosha kuanzia. Weka 18, f/3.5, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200, sekunde 15, maana 500 ukigawa kwa 18 mara 1.6 (hiyo 1.6 ni ya kropu ya Canon) unapata kama sekunde 17, ukizidisha hapo nyota zinakuwa vistari. Ila otofokasi zima, gizani inahangaika tu mbele nyuma haishiki. Tumia skrini ya nyuma ya kamera, kuza mara 10 kwenye nyota kali, zungusha pete ya fokasi taratibu mpaka nyota iwe kinukta kidogo kabisa. Mimi usiku mzima pale kijijini Katonga nilizungusha mpaka mwisho nikaamini ndio mbali kabisa, kufika kwenye kompyuta nyota zote zimekuwa maandazi. Na kama lenzi yako ni STM (fokasi yake inaendeshwa na mota) usizime kamera katikati, fokasi inaweza kuhama.

Wavuvi wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, kwa hiyo nyota na taa unavipata pamoja, ila mitumbwi inacheza, sekunde 15 taa zinavurugika, zipige peke yake sekunde 1 au 2. Na uliza kwanza kama ziwa liko wazi, 2024 lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei mpaka 15 Agosti, taa hakuna. Lakini anga la miezi ile, acha tu.

mwana_kibirizi: Basi 55-250, chenji nanunua stendi ya kamera.

fundi_picha: Sawa mkuu. Utanikumbuka mule bondeni.