Tupeane uzoefu: tuhuma za kujipatia mafao ya umma kwa udanganyifu

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu, hasa sisi wa Dar es Salaam, juu ya kesi za watu wanaodaiwa kupokea pensheni, ruzuku ya kaya maskini au mafao mengine ya umma wasiyostahili. Wengi hudhani kwamba kurudisha fedha humaliza kesi, ilhali chini ya Kanuni ya Adhabu kujipatia mali kwa udanganyifu kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7, sawa na kughushi nyaraka.

Mchangiaji wa Tandika: Shemeji yangu alishtakiwa kwa sababu pensheni ya marehemu baba yake iliendelea kuingia benki baada ya mazishi, naye ndiye aliyeshika kadi na kutoa fedha, akiamini kwamba ni haki ya mjane. Kilichomwokoa ni nakala ya barua aliyoupelekea mfuko husika pamoja na cheti cha kifo, ikiwa na muhuri wa mapokezi wenye wino uliofifia lakini tarehe ikisomeka, tena tarehe ya kabla ya kutoa hata shilingi. Wakili alijenga utetezi wote juu ya muhuri ule, akihoji ni tapeli gani anayekwenda mwenyewe kutoa taarifa ya msiba. Kwa kuwa upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha nia ya udanganyifu bila kuacha shaka yenye msingi, aliachiwa huru. Fedha alizirejesha, na kusema kweli sikuona kwamba ameonewa.

Mchangiaji wa Mbagala: Kwa mama yangu mdogo, ubishi ulikuwa juu ya dole gumba kwenye karatasi za malipo ya ruzuku. Msaidizi wa kisheria alitueleza kwamba mama anaweza kushauriana na mtaalamu wa alama za vidole kabla ya kujibu lolote, ila yeye msaidizi hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Alama hazikuwa za mama.

Mchangiaji wa Ubungo: Mpwa wangu hakuwa na pa kushika, kwani cheti cha mtegemezi alikighushi kweli. Aliingia makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu uliowekwa kisheria mwaka 2019, baada ya hakimu kujiridhisha kwamba hakushurutishwa. Mashtaka mengine yalifutwa, akalipa fidia. Hatia imebaki kwenye kumbukumbu, na kila anapoomba kazi huulizwa habari zake.