Tupeane uzoefu: mtoto anakuja, nafasi za bima zimejaa

Mama Kijacho: Wakuu habari za jioni. Niko wiki ya 31. Jana nimekagua bima ya kazini kwa mume wangu, NHIF (ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya). Yeye, mimi, na wategemezi wanne: wazazi wake wawili, wangu wawili. Nafasi zimekwisha. Huyu wa tumboni anakaa wapi? Mliopitia hili mlifanyaje?

Baba Kulwa: Dada, umenitonesha. Mwaka 2022, bima ya kampuni binafsi (jina silitaji). Mke kashikwa uchungu wiki ya 33, mapacha, mmoja kilo 1.6, mwingine 1.4. Mimi nimetulia, kadi ninayo, uzazi umo, hata upasuaji umo. Saa nane usiku dada wa dirishani ananiambia, "Baba, kadi ya mama inamhudumia mama. Watoto wana kadi?" Watoto wana saa tatu duniani! "Basi wana majina?" Nikamwambia hayo yapo tangu enzi za mababu, Kulwa na Doto, andika. Hakucheka. "Tanguliza laki tano kwa kila mmoja." Wakakaa chumba cha njiti siku 19, bili ikavuka milioni nne. Pikipiki niliiuza kwa jirani, mpaka leo ananipita nayo asubuhi nikiwa kituoni nasubiri daladala. Baadaye ndiyo nasoma mkataba, ukurasa wa tisa: mtoto anahesabiwa tangu siku taarifa ilipopokelewa, si siku aliyozaliwa. Taarifa yangu niliituma siku ya 12.

Chausiku: Pole sana mkuu. Hilo dirisha nalijua.

Ngosha wa Mjini: Mbona rahisi, mtoe baba mkwe.

Mtoto wa Tanga: Ngosha una wazimu? Mzee wa watu ana presha, kila mwezi anachukua dawa kwa kadi hiyo, leo umtoe kwa ajili ya mtu ambaye hata hajafika?

Ngosha wa Mjini: Anayekuja ndiye wa kwao. Wazee wana watoto wengine, wachangishane.

Mtoto wa Tanga: Aka! Na wewe utazeeka. Halafu mtoto chini ya miaka mitano hospitali za serikali anatibiwa bure, mzee mpaka athibitishwe hana uwezo.

Chausiku: Bure ya kwenye bango la ukutani. Nenda usiku uone kama hujatumwa duka la dawa la nje na kikaratasi.

Baba Kulwa: Swali lilikuwa la mtoto jamani, mmelifanya la mirathi.

Msafiri: Kuna Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya watoto, zamani 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mmoja mmoja ulisitishwa, ikawa watoto waandikishwe kupitia shule. Wa wiki mbili anasoma shule gani? Ila imerudi, ulizia bei ya sasa.

Wa Nairobi: Huku Kenya tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA, mshahara unakatwa 2.75%. Lakini mtoto haingii mwenyewe, lazima umwongeze.

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, wasikuchanganye. Usitoke wodini bila tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali kwamba mtoto kazaliwa, na ulisome hapo hapo kitandani. Jina lako lifanane na la kwenye kadi herufi kwa herufi. Nimeona mtoto kakwama wiki nzima kisa Hadija na Khadija. Na mumeo aende kwa afisa utumishi wiki hii, asingoje uchungu.

Mama Kijacho: Shikamoo mama, asante. Nimekagua sasa hivi, kadi ya bima inasema Asia, kitabu cha kliniki kinasema Asya 😭

Muuguzi Mstaafu: Marahaba. Kliniki ijayo warekebishe.

Mama Kijacho: Ngosha, mume wangu kasoma uzi wote. Anauliza, wewe kwenu ulimtoa nani?

Ngosha wa Mjini: Mimi sijaoa.