Wana wa Pongwe

Alhamisi, saa 12:40 jioni

Shangazi Mwajuma: Assalamu alaykum wana wa Pongwe. Makisio ya Zuhura yalikuwa tarehe 3, leo tarehe 10, ametimiza wiki 41. Kesho asubuhi anakwenda kuanzishiwa uchungu. Nataka gari, watu wawili wa kuchangia damu, na mtu wa kulala naye wodini. Jibuni.

Shangazi Mwajuma: Naona tiki za buluu tu.

Shangazi Mwajuma: Hamisi, gari?

Hamisi Chumbageni: Gari lipo shangazi, breki ndo hazieleweki 😂

Salim: Basi hakuna haja ya dawa, atajifungulia njiani kwa hofu 😂😂

Shangazi Mwajuma: Salim!

Mama Nasra: Mie nauliza, haraka ya nini? Nasra nilimpitiliza siku kumi, akatoka mzima. Mtoto huja siku yake.

Halima Mkunga: Mama mdogo, kwa Nasra tunamshukuru Mungu. Lakini kondo la nyuma huchoka. Kule Sweden waliwafuatilia kinamama 2,760 waliofika wiki 41. Wengine wakaanzishiwa, wengine wakasubiri hadi 42. Utafiti ukakatishwa kabla ya kufika mwisho, maana kwa waliosubiri watoto 6 walifariki, kwa walioanzishiwa hata mmoja hakufariki. Ulitoka 2019. Mimi nikimwambia Zuhura asubiri, usingizi sitaupata.

Mama Nasra: Na hicho kidonge cha kuanzishia uchungu? Jirani yangu aliwekewa chini, uchungu ukamshika haumwachii hata avute pumzi.

Halima Mkunga: Ndiyo maana njia ya kuitoa dawa na kipimo chake ndivyo vya kuangaliwa. Kidonge chenyewe, misoprostoli, kilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo. Kidonge kina mikrogramu 200, na wa kuanzishiwa uchungu anatakiwa apate 25, yaani sehemu moja ya nane. Ukikikata kwa wembe, kipande kimoja kinatoka kinene, kingine unga mtupu. Sisi tunakiyeyusha kwenye mililita 200 za maji, tunatikisa chupa, tunavuta mililita 25 kwa bomba la sindano, mama anakunywa kila baada ya saa mbili. Ya kunywa huingia damuni upesi na kuisha upesi. Ya kuweka chini hukaa zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka saa sita zipite kabla ya kurudia. Na kila mara kabla ya kutoa tunapima uchungu umefikia wapi na kusikiliza moyo wa mtoto. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi hapewi kabisa.

Salim: Mililita 25 ni kikombe cha kahawa cha Ngamiani?

Halima Mkunga: Nusu yake hivi.

Hamisi Chumbageni: Na kashata juu 😂

Shangazi Mwajuma: GARI, HAMISI.

Saa 3:05 usiku

Shafii (mume wa Zuhura): Samahanini, nilikuwa zamu. Makisio ni tarehe 17, si 3. Kadi ya kliniki iko Muheza kwa mama.

Halima Mkunga: 17 imetoka wapi, shemeji?

Shafii: Mama alihesabu kwa kuandama kwa mwezi.

Halima Mkunga: Alipigwa utrasaundi mimba ikiwa changa, na tarehe imeandikwa kwenye kadi. Hiyo ndiyo tunayoifuata. Kama ni 17 kweli, leo ana wiki 39 na kesho hakuna cha kuanzisha. Bila kadi watatuuliza na hatutakuwa na jibu.

Shangazi Mwajuma: Kadi nimeiona kwa macho yangu. Tarehe 3!

Mama Nasra: Kama ulivyoona kwa macho yako siku ile ya Mariamu.

Shangazi Mwajuma: (ujumbe huu umefutwa)

Mama Nasra: Usifute. Tulichangishana nauli hivi hivi siku mbili. Pesa zilikaa kwa nani?

Shangazi Mwajuma: Zilikaa kwangu nikingoja kuambiwa tuondoke! Nani aliniambia?

Halima Mkunga: Jamani, Zuhura yumo humu anasoma.

Bibi: (sauti, dakika 1:10)

Hamisi Chumbageni: Bibi anasemaje? Spika yangu imekufa.

Halima Mkunga: Anasema: "Mwajuma hakumchelewesha Mariamu. Ni mimi. Nilimpa dawa ya mizizi, vikombe viwili, nikawaambia tungoje ifanye kazi. Sikupata kulisema. Zuhura asinyweshwe kitu na mtu wa nyumba hii, hata mimi. Atakunywa cha Halima na wenzake, wanaopima."

Saa 4:22 usiku

Shangazi Mwajuma: Tumekusikia, mama.

Salim: Damu mimi nachangia. Nimewahi kuchangia, sina tatizo.

Mama Nasra: Nitalala naye mie. Beseni na kanga ninazo.

Halima Mkunga: Zuhura, mtoto anacheza?

Zuhura: Anacheza dada. Tangu magharibi nimehesabu mara kumi na nne.

Halima Mkunga: Akipunguza, hata usiku wa manane, nipigie uende hospitali. Usingoje kadi wala gari.

Shangazi Mwajuma: Wa pili wa damu nani? Shafii, kadi iwe hapa kabla ya saa mbili asubuhi. Panda basi la kwanza.

Hamisi Chumbageni: Breki nitaziangalia alfajiri.

Shangazi Mwajuma: Shafii?

Shangazi Mwajuma: Shafii, nakuona uko hewani.