Ushauri: alternata imegawiwa ngazi tatu kwenye MAC, nani afungue nini?

Spana14:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoifahamu MAC, lile jedwali la kugawa kazi za matengenezo lililoko nyuma ya miongozo ya Jeshi la Marekani (TM zinazoishia na -23). Chombo ni lori la volti 24. Kundi 0601, alternata, limekaa hivi (herufi ni ngazi, namba ni saa):

Kagua: C 0.1, F 0.2
Jaribu: F 0.5
Badilisha: F 1.5
Tengeneza: H 2.5

Orodha ya vipuri inaipa alternata msimbo PAFHH, na regyuleta (kidhibiti volti) iliyo ndani yake PAHZZ. Karakana ya F ina multimita na spana zote.

Mbona ukaguzi umepewa ngazi mbili? Na vipimo vikionyesha regyuleta ndiyo mbovu, F wanaruhusiwa kuibadilisha wenyewe? Hizo saa nazo nazitumiaje kupanga mafundi?

NatiNaBolti:
C ni dereva na wahudumu wa chombo, F ni fundi wa uwanjani, H ni karakana ya nyuma, ngazi moja kabla ya depo, D ni depo yenyewe. Kazi ya jina moja ikitofautiana uzito kati ya ngazi, kila ngazi huandikiwa muda wake. Dereva anatazama mkanda kama umechanika au umelegea, waya kama zimekaa, geji kama inaonyesha chaji. Fundi anapima mkazo wa mkanda kwa kifaa, anaangalia puli na boliti za mabano. MAC haikuambii namna ya kufanya, inakuambia nani na kwa muda gani. Hatua zenyewe zimo kwenye kurasa za kazi.

Swali la pili: hapana. Soma herufi. PA ni kipuri kinachonunuliwa na kuwekwa stoo. Herufi ya tatu ni ngazi ya chini kabisa yenye ruhusa ya kukitoa na kukifunga. Ya nne ni ngazi ya chini kabisa inayoweza kukitengeneza kikamilifu, na ya tano ni nani mwenye mamlaka ya kukitupa. Kwa hiyo alternata F anaitoa, H anaitengeneza, na H ndiye wa kusema imekwisha. Regyuleta hutolewa na H tu. Z ya nne maana yake haitengenezwi, na Z ya tano maana yake ikifa inatupwa na ngazi ileile ya herufi ya tatu.

Kaboni:
Huu ni urasimu, jamani. Skrubu chache tu unasubirisha lori zima? Mwenye spana afungue.

Mzee_wa_Depo:
@Kaboni, lori halisubiri. F anafunga alternata nzima kutoka stoo kwa saa 1 na dakika 30, lori linaondoka, ile mbovu ndiyo inayosubiri H. Gawio limepangwa hivyo kwa makusudi.

Na spana siyo kigezo pekee. Tazama safu ya 5, ya misimbo ya zana, ulinganishe mstari wa Badilisha na ule wa Tengeneza. Multimita itakupa volti 28 hivi injini ikizunguka, lakini haiwezi kuibebesha alternata mzigo wake kamili. Hiyo inataka benchi ya majaribio. Rota (sehemu inayozunguka ndani ya alternata) ikiwa na shoti inavuta mkondo mkubwa kupitia regyuleta, na ukifunga mpya bila kuigundua rota, mpya nayo inaungua. Hapo umeua vipuri viwili na hitilafu iko palepale. Pampu ya dizeli ni mbaya zaidi: kuifungua kwenye vumbi, bila benchi ya kuipima, ni kununua matatizo.

Ngazi ya juu inaweza kufanya kazi za ngazi ya chini, kinyume chake hapana. Kwenye mapambano kuna utaratibu wa pekee wa kutengeneza uharibifu wa vita (BDAR), ambao kamanda akiuruhusu, mafundi wanavuka mipaka hii. Kazi hiyo ni ya muda, na baadaye inarudiwa kwa kufuata mwongozo.

NatiNaBolti:
Saa sasa. Ni desimali, usizisome kama dakika: 0.1 ni dakika 6, 0.5 ni dakika 30. Ni wastani wa mazingira ya kawaida ya uwanjani, na ndani yake yamo maandalizi, kufungua na kufunga, kutafuta hitilafu na ukaguzi wa ubora. Kwa hiyo usiongeze tena muda wa kutafuta hitilafu juu ya ile 1.5. Ambacho hakimo ni kusubiri kipuri. Na 0.1 ya dereva usiibebeshe karakana, hiyo si saa ya fundi wako.

Spana14:
Shukrani sana. Nina TM nyingine ya zamani ya jenereta yenye safu za C, O, F, H na D. Hiyo O naiweka wapi?

Mzee_wa_Depo:
Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Hiyo ni ya mfumo wa ngazi nne: C na O zilikuwa za kikosi, F karakana ya msaada wa moja kwa moja, H ya msaada wa jumla, D depo. Mfumo wa ngazi mbili uliunganisha kazi za O na F zikawa matengenezo ya uwanjani, H na D zikabaki upande wa nyuma. Kwa hiyo F ya mwongozo wa zamani si lazima iwe kazi ambayo karakana yako ina vifaa vyake. Kwanza tafuta toleo jipya au marekebisho ya TM hiyo. Ukikosa, chukua kila mstari wenye F, fuata msimbo wa zana hadi kwenye orodha yake, uhakikishe zana hiyo ipo karakanani kabla ya kumpangia fundi. Usiache safu ya 6 pia, ya misimbo ya maelezo ya ziada. Herufi moja pale inaweza kusema "Tengeneza" ya ngazi hiyo ni kubadilisha brashi tu.