Nikiruka mistari ya data ya MRI picha inakunjika, nikikata pembeni inapata ukungu. Kwa nini?

MwanaFizikia
Habari zenu wakuu. Nina data ghafi ya ubongo: mistari 256, koili 8 (antena za kupokea ishara, zimezunguka kichwa). Nikiigeuza yote kwa Fourier (hesabu inayobadili data ghafi kuwa picha), picha inatoka safi. Nikifuta kila mstari wa pili, paji la uso linaangukia katikati ya ubongo. Nikibakiza 128 ya katikati tu, hakikunjiki kitu, ila kingo zina ukungu. Idadi ni ileile! Halafu mashine zinarukaje mistari na bado picha inatoka nzuri?

FundiKoili
Tazama mistari imekaa wapi, usihesabu tu. Ya katikati inabeba mwangaza na maumbo makubwa, ya pembeni inabeba kingo, ndiyo maana ulipoikata ukapata ukungu. Nafasi kati ya mstari na mstari ndiyo inayoamua upana wa eneo la picha. Umeiongeza maradufu, eneo limebaki nusu, kichwa hakienei, kilichozidi kinaingilia upande wa pili.

Sasa uzuri wake uko hapa, na naomba ulifanye kwa mkono wako: usiunganishe koili kwanza. Fungua picha ya kila koili peke yake. Utaona kila moja inang'aa upande ilipo. Pikseli iliyokunjika ni jumla ya sehemu mbili za kichwa, na kila koili imezijumlisha kwa uzito wake. Kwa hiyo una milinganyo 8 na visivyojulikana 2. Itatue, pikseli kwa pikseli. Hiyo ndiyo SENSE ya Pruessmann na wenzake, 1999.

Bi_Mawimbi
Kama huna ramani za koili (zinazoonyesha uzito wa kila koili mahali kwa mahali), jaribu mbinu ya GRAPPA (2002). Bakiza mistari 24 hivi ya katikati bila kuruka, ijifunze humo uzito wa kujazia iliyokosekana. Mbinu ya Lustig na wenzake ya 2007 (compressed sensing) ni habari nyingine: pale mistari inarukwa kwa nasibu, si kwa mpangilio.

MwanaFizikia
SENSE imekubali, paji limerudi mahali pake! Ila katikati ya kichwa pana chengachenga nyingi.

FundiKoili
Kwa kasi ya 2 (yaani ukichukua nusu ya mistari) ishara dhidi ya kelele inashuka hadi kama 71%, picha nzima. Juu ya hapo kuna kipengele g, kipimo cha kelele inayoongezwa na kutatua milinganyo: katikati koili zote zinaona karibu sawa, milinganyo inafanana, kelele inakuzwa. Chora ramani ya g uiweke kando ya picha.